Mke wa Mzee Serafín

Naolinco, Veracruz
3 Septemba 1984

Kwa Bi Rebeca Irigoyen,

Hunijui. Mimi ni Herminia Zamudio, mke wa Evaristo Zamudio, yule uliyekuwa unamwita "mzee wangu" kwenye televisheni kila Jumanne kwa miaka kumi na minne. Naandika "mke" kwa makusudi. Wiki iliyopita kuna mtu mjini kwenu alitaka kuniandika "jamaa wa marehemu", na mpaka leo moto haujanizimika.

Mtu huyo ni Bwana Gaspar Uribe, katibu wa makaburi wa chama chenu cha waigizaji. Nilisafiri kwa basi saa saba kwenda kumwona. Tarehe kumi na sita Novemba Evaristo anatimiza miaka saba ardhini, na sheria ya makaburi yenu inasema miaka saba ikitimia, familia inaweza kufukua mifupa na kwenda nayo inakotaka. Nataka kumrudisha Naolinco. Nimeshamtengea nafasi kando ya mama yake, na mchanga nimeupepeta kwa mikono yangu.

Bwana Uribe akafungua faili, akanigeuzia karatasi. Penye "mke wa marehemu" pana sahihi yako. Nikamwambia hapa pana kosa. Akaniangalia kwa huruma kama mtu anayeangalia kichaa mpole, akasema, "Mama, nchi nzima inamjua mke wa Mzee Serafín."

Nikamwonyesha cheti changu cha ndoa, cha mwaka 1951. Akasema vyeti vya vijijini anavijua. Asiposaini aliyesaini mwanzo, hata mfupa mmoja hautoki. Tena akaniarifu, kwa furaha kabisa, kwamba tarehe hiyohiyo kumi na sita chama kitaweka jiwe jipya juu ya kaburi, lenye sura yake na sura yako, Mzee Serafín na Mama Pura wa kipindi chenu, na chini yake watamwaga zege. Zege likishakauka, hakuna wa kumtoa tena.

Kwa hiyo nataka kitu kimoja kwako. Andika barua, useme wewe si mkewe na hukuwahi kuwa, na kwamba mimi naruhusiwa kumchukua. Mistari minne inatosha. Umezoea kusema ulichoandikiwa. Safari hii nimekuandikia mimi.

Herminia Zamudio


Jiji la Mexico
14 Septemba 1984

Bibi Herminia,

Barua yako imenikuta nina maumivu ya magoti na hasira, nami nakujibu nikiwa na vyote viwili.

Sijazoea kuamrishwa na mtu nisiyemjua. Evaristo amelala mahali pa heshima, kwenye uwanja wa waigizaji, katikati ya watu wa kazi yake. Kila tarehe mbili Novemba watu wanamjia na mikate ya wafu na maua ya manjano, wanakaa kwenye ukingo wa kaburi, wanasema maneno yake ya kwenye kipindi na kucheka mpaka wanajifuta machozi. Wapo waliomleta mtoto mchanga ili aguse jina lake. Wewe unataka kumpeleka milimani akalale na nani wa kumchekea? Kuku?

Na kama tunaulizana, basi na mimi niulize. Ulikuwa wapi alipokuwa anakufa? Siku kumi na moja alilala hospitali na siku kumi na moja mimi nilikaa kwenye kiti kando ya kitanda chake, na kiuno hiki ni shahidi. Mke sikumwona. Aliyeingia mle alikuwa nesi, padri na wapiga picha.

Sahihi niliyotia nimetia. Sina tabia ya kufutafuta.

Rebeca Irigoyen


Naolinco
22 Septemba 1984

Rebeca,

Neno "Bi" nimelitoa, sioni la kazi gani.

Unaniuliza nilikuwa wapi. Nilikuwa hapa, kwenye cherehani, nashona ngozi za viatu kama nilivyoshona maisha yangu yote, na mezani nina simu ya maandishi kutoka kwa bwana mkubwa wa kituo chenu cha televisheni: "Evaristo ana mafua, msiwe na wasiwasi." Mafua. Nimeihifadhi, nikitaka naweza kukutumia. Niliposikia redioni kwamba Mzee Serafín amefariki, nilikuwa nimeshika sindano, na ngozi ile mpaka leo ina tundu pasipotakiwa.

Sasa nikueleze upande ambao hukuuona, maana wewe ulikuwa umekalia kiti. Mlimlaza jukwaani kwenye ukumbi wa michezo. Nilifika na nguo yangu nyeusi, nikamwambia mlinzi wa mlangoni mimi ni mke wa marehemu. Akanijibu, "Mko wengi leo, mama. Foleni inaanzia kule." Nikapanga foleni. Saa nne nilisimama kumwona mume wangu, mbele yangu mwanamke mwenye kikapu cha tamale za unga wa mahindi, nyuma yangu mwanamume aliyekuwa anawasimulia watu vichekesho vya Evaristo na kuviharibu. Nilipofika kwenye jeneza nilipewa muda waliopewa wote. Sikuwahi hata kumgusa paji la uso. Nikaambiwa, "Songa, mama, wenzio wanasubiri." Na wewe pale kando, na shela yako nyeusi, unashikwa mkono na kila anayepita. Ulinishika hata mimi. Ukaniambia "asante kwa kuja".

Halafu jeneza likatolewa, na kama mnavyofanya mkimtoa mwigizaji wenu, ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi. Makofi yale hayakuwa na mwisho. Watu walipiga mpaka viganja vikawa vyekundu, na mimi mikono yangu nimeibana kwapani. Yule wa tamale akanigeukia akaniuliza, "Kwani wewe hukumpenda?" Nikamwambia nimemfulia nguo zake za ndani miaka ishirini na sita. Akacheka, akadhani nami nasimulia kichekesho.

Kuhusu wa kumchekea, ondoa shaka. Huku kwetu siku za wafu tunawaimbia, nyumba kwa nyumba mpaka makaburini, na Evaristo alikuwa akiimba vibaya kuliko wote. Wako watu hapa waliomjua kabla hajawa mzee wa mtu.

Lakini kuna jambo moja nitalisema hapa, ulichukue ulicheke ukitaka. Katika magazeti yenu yote nilimtafuta aseme ana mke. Alizungumzia mbwa wake, mwanya wa meno yake, supu anayoipenda, ambayo ni supu yangu. Mke, hata mara moja. Siku moja nilimuuliza kwa nini. Akatoka kwenda kulisha kuku. Nikaelewa kwamba ananionea haya, mke mshona viatu mwenye vidole vya gundi. Nimeishi na hilo, na nimelizika peke yangu. Sasa nataka angalau mifupa ijue ni ya nani.

Saini ile barua.

Herminia


Naolinco
9 Oktoba 1984

Rebeca,

Wiki mbili na nusu, kimya. Posta wananihurumia sasa, wananiona naingia wanatikisa kichwa kabla sijauliza.

Jana Bwana Uribe amenitumia kadi ya mwaliko. Ya kupiga chapa, yenye ukingo wa dhahabu. "Tunakukaribisha kwenye uzinduzi wa jiwe la wapenzi wa taifa." Juu ya bahasha ameandika: Kwa shabiki Herminia Zamudio.

Shabiki.

Kama una aibu hata ya kuazima, jibu.

H.


Jiji la Mexico
18 Oktoba 1984

Herminia,

Nimeanza barua hii mara tano. Nne nimechana. Hii ya tano nisipoituma leo sitaituma, kwa hiyo usitarajie maneno mazuri.

Ndani ya bahasha utakuta vitu viwili. Cha kwanza ni ile barua unayoitaka, mistari minne, nimesaini na kuweka alama ya kidole gumba juu yake. Cha pili ni picha. Iangalie kwanza kisha urudi usome.

Umeiona? Umesimama mlangoni pa karakana, umeshika kiatu kisicho na soli, unacheka na jino moja halipo. Picha hiyo aliileta Evaristo studio, Machi 1966. Siku hiyo alikuja mwandishi wa gazeti la burudani, lile lililokuwa linasomwa saluni zote. Evaristo akaniita pembeni, akanionyesha picha, akasema, "Rebe, leo nawaambia. Huyu ndiye mke wangu, na supu ni yake."

Nikamnyang'anya. Nikamwambia wakikujua una mke, mimi nikikuita mzee wangu nani ataniamini? Kipindi kitafungwa, na mimi nina umri wa miaka arobaini na saba, wanawake wa umri wangu kwenye televisheni wanacheza maiti. Bwana mkubwa wa kituo alikuwa ameshatuonya, na mimi nikamkumbusha Evaristo. Kisha nikalia. Kulia ndiyo kazi yangu, naijua. Akaniacha nikilia, akaenda kwa mwandishi akamweleza habari za mbwa. Picha nikaitia kwenye mfuko wa aproni ya Mama Pura, na kipindi kilipokwisha nikaondoka na aproni.

Tangu siku ile mpaka kipindi kinafungwa, miaka tisa, Evaristo hakunisemesha neno ambalo halikuandikwa na mtu mwingine. Asubuhi hanisalimu. Kwenye ngazi ananipisha kama fanicha inayobebwa. Siku zilizoandikwa tukumbatiane, alitafuna kitunguu saumu kibichi, punje mbili, nilikuwa nasikia anavyozitafuna nyuma ya pazia. Na mimi nilimfinya chini ya meza mpaka akatoka alama. Watu wakaandika barua kwa magunia kwamba hawajaona wawili wanaopendana kama sisi.

Hospitali nilikaa kwa sababu kituo kilinipeleka. Siku ya tisa wapiga picha walitoka kula. Akafungua macho, akaniangalia, nikadhani atanisamehe. Akasema, "Irudishe picha." Hayo ndiyo maneno pekee aliyoniambia. Na sikuirudisha.

Sahihi ilikuwa hivi. Uribe alikuja na faili ukumbini, mbele ya kamera, akasema, "Mama, weka hapa." Taa ikawaka. Kwa miaka kumi na minne taa ikiwaka mimi ni mkewe. Nikaweka. Sikukufikiria wewe hata kidogo, na hilo ndilo linalonikalia kooni.

Nimekwenda kuliona jiwe lao. Jina langu wameshalichonga, na mwaka wa kuzaliwa, halafu kistari na nafasi tupu. Mwaka wenyewe wameukosea, wamenizeesha minne. Na mimi nina hasira zangu, Herminia, usidhani unazo peke yako. Nimevumilia kitunguu saumu kile miaka tisa. Mtu gani aliniuliza kama nataka kukinusa mpaka kiyama?

Tarehe kumi na sita nitakuja makaburini nikusaidie kumshughulikia Uribe.

Rebeca


Naolinco
27 Oktoba 1984

Rebeca,

Barua ya ruhusa imefika. Picha imefika. Nimeiweka mezani kifudifudi, nimeshindwa kuigeuza.

Evaristo alikufa miaka kumi na mmoja baada ya siku ile ya mwandishi wako. Miaka kumi na mmoja nimelala na mwanamume nikiamini ananionea haya. Alikuwa anakuja kila mwisho wa mwezi, amechoka, na kuna usiku nilimpa mgongo kwa sababu hiyo. Aliniletea vitambaa, nikavikunja nikaviweka kabatini bila kuvishona. Aliniuliza nina nini, nikamwambia sina kitu. Alipokuwa mzima na ana masikio nilimnunia, na hakuwa na kosa. Sasa nifanyeje, nikaiombe mifupa msamaha?

Kwa nini naye hakuniambia? Nimejiuliza wiki nzima, nimemkasirikia mpaka nikampiga teke kuku. Nafikiri aliona aibu, lakini aibu ya kushindwa na machozi ya uongo. Ndivyo alivyokuwa, kila aliyelia mbele yake alimshinda. Nami sikuwahi kulia mbele yake, bahati mbaya.

Ungeweza kuniandikia. Hata kadi. Mwaka wowote kati ya hiyo yote, wino na stempu. Hospitali mtu anakuomba kitu kimoja akiwa anakufa, na wewe unarudi kwenye kiti chako.

Usije. Nasema hivi nikiwa na akili zangu. Ukikanyaga makaburini siku ile nitakurushia kiatu, na viatu vya Naolinco vina soli ngumu.

Herminia


SIMU YA MAANDISHI
Kutoka Mexico, 5 Novemba 1984
Kwa Herminia Zamudio, Naolinco

NIMEELEWA. SIJI. REBECA


Naolinco
25 Novemba 1984

Rebeca,

Ulisema huji. Ukaja.

Najua ulichokiona wewe siku ile. Nikwambie nilichokiona mimi, kwa sababu tuliachana bila kusemezana.

Nilifika asubuhi na barua yako mkononi. Watu walikuwa wameshajaa, kama sitini hivi, na maua, na jiwe lenu liko juu ya magogo limefunikwa shuka jeupe, na mafundi wanakoroga zege. Bwana Uribe akaisoma barua yako, akaipindua akaangalia nyuma, akanirudishia. Akaniambia sahihi mtu yeyote anaweza kuiga, hata kidole gumba, na kwamba mashabiki wengine mapenzi yanawapanda kichwani. Akamwambia mlinzi anishike mkono taratibu. Nikawaza kwamba nitalala pale juu ya kaburi kabla hawajamwaga, wanimwagie na mimi.

Ndipo teksi yako ikafika. Nakwambia kweli, nilipokuona unashuka mkono wangu ulikwenda kwenye kiatu. Watu wakapiga kelele "Mama Pura", wakakuzunguka. Ukawapita na fimbo yako bila kumwangalia hata mmoja, hata mimi hukuniangalia, ukamwambia Uribe neno moja, "Fukueni." Akaanza kukueleza habari ya jiwe na ya kamera. Ukamwambia, "Gaspar, mwaka wangu wa kuzaliwa umeukosea, na sahihi ya barua ile ni yangu. Fukueni."

Wakafukua. Nilikuwa upande wa kichwani, wewe miguuni, na katikati yetu wanaume wawili na koleo. Hukuketi, ingawa walikuletea kiti. Mifupa waliitoa mmoja mmoja, wakaipangusa, wakaifunga kwenye shuka nililokuja nalo, wakaitia sandukuni. Nilimjua kwa meno, kwa ule mwanya.

Halafu yule mchimbaji mzee akavua kofia, akalibeba sanduku, akaja. Akanipita. Alinipita karibu mpaka nguo yake ikanigusa. Akasimama mbele yako akasema, "Pole sana, Mama Pura," akakunyooshea. Na watu wote wakageuka upande wako, wengine wakaanza kulia, na taa ya kamera ikawaka. Niliiona ile taa, Rebeca. Nikasema moyoni, basi, imekwisha tena.

Ukaweka mikono yote miwili nyuma ya mgongo, na fimbo ikaanguka. Ukasema kwa ile sauti yako ya jukwaani, inayofika mpaka kiti cha mwisho, "Mpe mkewe. Ni huyu hapa, anaitwa Herminia. Mimi nilikuwa kazini."

Mwanamke mmoja alisema "kumbe", basi. Mchimbaji akazunguka akanipa, akaniomba radhi kwa macho. Uribe akawa anaangalia zege lake linavyoganda kwenye karai.

Tumemzika Jumatano, kando ya mama yake. Nimemwambia yote, habari ya vitambaa na ya mgongo, kwa sauti, watu wakisikia, sikujali. Picha nimeigeuza. Sasa iko ukutani.

Sijakusamehe. Usije ukajidanganya kwa sababu nimeandika kurasa mbili. Ile miaka kumi na mmoja bado unayo wewe, na hata ukiniandikia kila wiki huwezi kunirudishia. Ukifa kabla yangu, usiwaachie wakuweke chini ya lile jiwe peke yako, na mwaka wa uongo. Waandikie leo unataka kulala wapi, na usaini mwenyewe.

Jambo moja limebaki, na limenisumbua njia nzima kwenye basi, nimelipakata sanduku. Ulipoinama kutafuta fimbo yako na hakuna hata mmoja wa wale sitini aliyekuokotea, ukaondoka peke yako kuelekea kwenye teksi, polepole, na magoti yako yale, na pote kimya, nilitaka kukupigia makofi. Ningepiga mpaka viganja viwe vyekundu. Lakini mikono yangu ilikuwa imejaa.

Herminia Zamudio